Jiwe la Jebel Kujur na Mdudu wa Dubai



Ndugu wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi, leo tumeona tuandike juu ya mawe. Wako watakaoshangaa, maana waliozoea kutusoma hapa wametuzoea tukiandika juu ya kuhifadhisha watoto, adabu za chuoni na malezi ya majumbani mwetu hapa Juba. Lakini mawe haya yametufikisha mahali pa kuona haya mbele ya watoto thelathini, na jambo lililotupata hatukuona vyema kulificha, hasa kwa kuwa nusu ya wazazi wameshalisikia kutoka kwa watoto wao, na kila mmoja amelisikia kwa namna yake.

Ilikuwa likizo ya Januari. Watoto wakikaa nyumbani bila shughuli hugombana, na sisi tuliamua kuwatoa wakubwa wakubwa baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, twende nao kwa miguu hadi chini ya Jebel Kujur. Kwa wasioijua Juba, huu ni mlima wa mawe ulioko upande wa magharibi wa mji, na chini yake wapo akina mama wanaovunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto kwa wajenzi. Kazi ngumu mno, Allah awafanyie wepesi. Tuliwapa watoto kila mmoja mfuko, tukawaambia waokote mawe yanayowapendeza, kisha tuje tuyatazame pamoja na kutafakari juu ya uumbaji. Aya ya 20 ya Surat al-Ankabut inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame uumbaji ulivyoanza, na tuliona hiyo ni njia nzuri ya kuifundisha kwa vitendo.

Yupo kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu, jina lake tunalihifadhi. Amezaliwa Kakuma, kambini, upande wa Kenya, na ndiyo maana Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kiarabu chake cha Juba. Baba yake amefariki. Mama yake anauza chai Konyo Konyo. Kijana huyu tangu Kakuma ni mtu wa kuokota mawe, na siku ile wenzake wakiokota yanayong'aa tu yeye alichagua polepole, akiyageuza. Mara akaja mbio na bamba la jiwe lililopasuka, na juu yake umechorwa mti mweusi, mdogo, wenye matawi na vitawi vyembamba kama jani la mwani au kangaga.

"Ustadh, huu ni mti kweli?"

Watoto wakatuzunguka. Sisi hatukusita hata kidogo. Tuliwaambia kuwa hiyo ni mimea ya baharini iliyozama wakati wa gharika ya Nabii Nuhu, alayhi salaam, maji yakafika mpaka hapa Juba, yalipokauka yakaiacha jiweni. Tulisema vizuri kweli, na watoto walinyamaza kimya. Tuliporudi tuliliweka jiwe lile kwenye rafu ya madrasa, karibu na saa ya ukutani, na kijana akawa anatembea kifua mbele wiki nzima.

Hatukuwa na ilimu ya jambo lile. Tulikuwa na sauti tu, na mazoea ya mwalimu ya kutotaka kusema "sijui" watoto wakimtazama mdomoni.

Jiwe la pili lilikuja kwa sababu ya la kwanza. Mjomba wake yule kijana, ambaye ni mfanyabiashara, alisikia habari za mpwa wake na jiwe la gharika, akakumbuka kwamba alinunua kitu kama hicho Dubai kwa dola 60, akakipitisha nyumbani kwa dada yake kama zawadi. Kilikuwa kipande cha jiwe la kahawia, juu yake amelala mdudu mweusi wa urefu wa kidole cha shahada, ana macho makubwa, miiba mgongoni, na mwili uliogawanyika pingili pingili. Mwenye duka alimwambia kuwa ni trilobiti kutoka Morocco. Watoto walipoliona lile walilisahau la mti mara moja.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mama yake kijana alikuja kwetu siku moja baada ya Asr, akakaa kwenye benchi la wazazi. Kuna mtu hotelini, alisema, mgeni, ameambiwa juu ya mdudu huyo na yuko tayari kutoa dola 500, lakini anataka maandishi ya mtu anayeaminika kwamba ni wa kweli. Fedha hizo zingemlipia kijana karo ya shule. "Wewe ndiye uliyelijua lile la kwanza, ustadh. Tuandikie na hili." Tukaandika. Barua ya kurasa moja, kwa Kiarabu na Kiingereza, tukapiga na muhuri wa madrasa. Tuliiweka ndani ya msahafu ili isikunjike, aje aichukue Jumamosi.

Ijumaa, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, alikuja kijana wa mtaani kwetu anayesoma jiolojia chuo kikuu. Alikuja kwa jambo jingine kabisa, la ndoa ya dada yake, akayaona mawe kwenye rafu. Akaomba ayashike. Ana kioo kidogo cha kukuzia anachokivaa shingoni kama akina mama wanavyovaa funguo, na mfukoni ana kichupa cha asidi iliyozimuliwa, tukacheka tukamwambia amekuja kuposa au kufanya mtihani.

Alianza na lile la mti, na akacheka kwa adabu. Huu, alisema, si mti wala haujawahi kuwa na uhai. Unaitwa dendraiti. Maji yenye madini ya manganizi au chuma hupenya katika ufa mwembamba wa mwamba, na madini yanapoganda hutambaa katika matawi namna ile, kama barafu inavyochora kioo cha dirisha katika nchi za baridi. Akatuonyesha kwa kioo: jani la kweli lina mshipa wa katikati na mishipa inayotoka humo, lina ukingo, lina mwanzo wa kikonyo. Hili halina mishipa wala kikonyo, linaanzia tu ukingoni mwa ufa na kupungua kadiri linavyoingia ndani. Tena liko juu ya uso wa ufa peke yake. Limewadanganya watu wengi duniani, akatuambia, ustadh usihuzunike.

Kisha akatuambia jambo ambalo lingetutosha tangu mwanzo kama tungeuliza. Mwamba wa Jebel Kujur ni wa aina ya naisi na jamii zake, miamba ya kale sana iliyokaa chini kabisa ya ardhi ikapikwa kwa joto na kubanwa kwa uzito mpaka ikawa na mistari mistari. Ndiyo misingi ya bara. Hata kama kingekuwemo kiumbe, kisingebaki umbo lake, kama vile huwezi kutafuta alama ya punje katika mkate uliokwisha okwa. Visukuku vya viumbe wa baharini hutafutwa katika mashapo: tope lililogandamana, mchanga uliogandamana, jiwe la chokaa. Watoto wetu walikuwa wanatafuta samaki jikoni mwa mhunzi.

Akaja kwa mdudu. Hapa hakucheka. Alimgeuza, akamnusa, akamwekea kioo kwa muda mrefu mpaka tukaanza kuingiwa na wasiwasi. Tutaeleza alivyofanya, kwa sababu wako wasomaji wetu wa Dubai, Muscat na Ulaya ambao wataviona vitu hivi vimepangwa madukani.

Kwanza trilobiti ni nini. Ni jamii ya wanyama wa baharini wenye gamba gumu na miguu yenye viungo, ukoo mmoja mkubwa na kaa, nge na jongoo. Walianza kuonekana katika miamba ya kiasi cha miaka milioni 521 iliyopita, wakaisha kabisa kiasi cha milioni 252 iliyopita, na wataalamu wameshaeleza zaidi ya aina 20,000. Jina lao maana yake ni sehemu tatu, na hizo sehemu tatu ni za urefu: kuna sehemu ya katikati kama uti, na mbavu ya kulia na ya kushoto, zote zikitoka kichwani hadi mkiani. Watu wengi hudhani tatu ni kichwa, kiwiliwili na mkia. Hivyo navyo ni vitatu, lakini jina halikutoka huko. Baadhi yao walijikunja wakiogopa, vilevile kama jongoo anavyojikunja mtoto akimgusa kwa kijiti. Macho yao yalikuwa na lenzi za madini ya chokaa safi, Subhaana Allah, na hayo yamebaki mpaka leo.

Morocco, upande wa Erfoud na Alnif, wako wengi mno, na watu wa huko wanaishi kwa kuwachimba na kuwasafisha kwa sindano na vichongeo, kazi ya siku nyingi kwa mdudu mmoja. Ni mafundi wa kweli. Lakini pale pale soko limeleta na wengine, wanaomwaga gundi iliyochanganywa na unga wa mawe katika kalibu, wakabandika juu ya jiwe la kweli na kupaka rangi.

Mdudu wetu alikuwa wa hao wa pili. Chini ya kioo, katikati ya macho, palikuwa na vitundu vya duara vidogo kama ncha ya sindano: mapovu ya hewa yaliyonaswa gundi ilipokuwa majimaji. Mnyama aliyekufa hana mapovu. Upande wa kulia na wa kushoto ulilingana mno, na hapakuwa na ufa hata mmoja unaopita kwenye jiwe ukaendelea kwenye gamba, ilhali katika kitu kilichokaa ardhini mamilioni ya miaka ufa ukipasua jiwe humpasua na aliyelala ndani. Akatuomba pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tulimtuma mtoto kwa jirani, na hadi leo jirani anauliza ustadh alitaka dawa ya kucha ya nini. Pamba ikapita mgongoni mwa mdudu, ikatoka nyeusi. Mwisho akadondosha asidi tone moja kwenye jiwe la chini, likachemka povu, maana ni chokaa. Tone la pili kwenye gamba la mdudu, ambalo la kweli lingekuwa chokaa pia. Likatulia tu, kama maji juu ya plastiki.

Barua ilikuwa ndani ya msahafu, hatua mbili kutoka tulipokaa.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tumefundisha mustalah kwa miaka kumi na saba. Tunawaambia wanafunzi kuwa matni ikipendeza haitoshi, lazima ujue imetoka kwa nani, na yeye aliipokea kwa nani, na kama mmoja wao alikuwa mtungaji basi maneno hayo ni maudhui hata yakiwa na nuru kiasi gani. Na sisi tumepiga muhuri kwenye kitu ambacho sanad yake ni mwenye duka mmoja asiyejulikana. Laiti yule mgeni angelipa, tungekuwa mashahidi wa uongo katika bei, kwa herufi zetu wenyewe.

Jumamosi mama yake kijana alikuja. Tulimweleza kila kitu, na pamba tukamwonyesha. Alikaa kimya kwa muda. Dola 500 kwa mtu anayeuza chai si hadithi ya kupita. Kisha akasema, "Basi, ustadh, barua ichane." Tukaichana. Akainuka, akafika mlangoni, akageuka: "Na lile la mti? Lile ni la kweli?" Tukamwambia si la kweli, na kosa ni letu. Akasema, "Hilo umwambie wewe mwenyewe. Mimi la mdudu nitamwambia, la mti siwezi."

Tulimwambia mbele ya wenzake, kwa sababu mbele ya wenzake ndiko tulikosema mwanzo. Wako walimu waliotushauri tumwite pembeni, kulinda heshima ya mwalimu. Hatukukubaliana nao. Tuliwaambia watoto kuwa ustadh alisema asilolijua, akalitia na jina la Nabii juu yake, na amemwomba Mola wake msamaha na sasa anawaomba wao. Mtoto mdogo wa mbele akauliza kama tutachapwa. Wakacheka, na sisi tukacheka, lakini yule kijana hakucheka. Alishuka macho mezani, na baada ya darasa aliondoka bila kuaga.

Kwa siku kadhaa hakuja. Tukajua tumemvunja, tukaanza kutafuta la kumrudisha, na hapo tulisoma mambo mengi ambayo mtu wa umri wetu alitakiwa awe ameyasoma zamani.

Tulimkuta Abu Rayhan al-Biruni, ambaye mwaka 1025 hivi, katika kitabu chake cha kupima mahali pa miji, aliandika juu ya kombe za baharini zinazotoka ardhini watu wakichimba visima katika jangwa la Arabuni, akahitimisha kuwa jangwa lile liliwahi kuwa bahari. Ibn Sina naye katika Kitab al-Shifa alieleza jinsi miili inavyoweza kugeuka jiwe. Kwa hiyo mzazi aliyetuuliza kama mambo haya ni ya makafiri tulimjibu kwamba wazee wetu walikaa na kombe hizi mkononi miaka elfu iliyopita bila ya imani yao kutikisika.

Tulimkuta pia mwenzetu wa kosa. Mwaka 1726 daktari wa Uswisi, Johann Jakob Scheuchzer, alitoa mifupa iliyo katika jiwe na kutangaza kuwa ni ya mtu mwovu aliyezama katika gharika. Wako walioamini. Mwaka 1811 Mfaransa Georges Cuvier alilichonga jiwe lile pole pole huko Haarlem, mikono ikatokea, na kumbe alikuwa salamanda mkubwa, mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia. Mwaka huohuo wa 1726, huko Würzburg, profesa Johann Beringer alichapisha kitabu kizima cha mawe ya ajabu, baadhi yake yana buibui na utando wao, mengine yana herufi zenye jina la Mungu. Wenzake wa chuo ndio waliomchongea na kumwekea mlimani ayaokote. Tulipomaliza kusoma habari ya huyu wa pili tulijiona tuna bahati.

Lakini lililomrudisha kijana ni nyangumi. Tulimfuata nyumbani kwao, tukamsimulia mlangoni. Huko Turkana, jimbo la Kakuma alikozaliwa, mahali paitwapo Loperot, mwaka 1964 mtafiti James Mead aliokota fuvu na taya la nyangumi. Nyangumi, Turkana! Ana umri wa kiasi cha miaka milioni 17. Mahali hapo leo pana kimo cha mita 620 hivi juu ya bahari na umbali wa kilomita 740 hivi kutoka pwani, na nyangumi hapandi mlima, kwa hiyo ardhi wakati ule ilikuwa chini, na alipotea akaingia mtoni kutoka Bahari ya Hindi. Mfupa wake umewasaidia wanasayansi kupima lini Afrika Mashariki ilianza kuinuka. Kisha mfupa huo ukapotea ghalani kwa miongo mitatu, usijulikane uliko, mpaka 2011 ulipoonekana tena katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na utafiti ukachapishwa 2015.

Kijana akauliza swali moja tu: "Waliujuaje kuwa ni uleule?"

Ndugu zetu, hilo ni swali la mtu wa hadithi. Tukamjibu: kwa karatasi. Kisukuku kisicho na maandishi ya nani amekiokota, wapi, lini, katika tabaka gani, ni kama hadithi isiyo na sanad, waweza kuipenda lakini huwezi kuijengea hukumu. Tukamsimulia na Tendaguru, kule Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika matabaka yanayopishana na matabaka ya bahari yenye kombe, mamia ya watu wetu wakafanya kazi na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa huko, ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mkuu wa wasimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Miaka karibu mia ikapita ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Kijana akataka tumwandikie jina hilo kwenye daftari, tukaandika.

Alirudi darasani Jumatatu.

Na sasa tufike kwa jiwe la tatu, ambalo lilikuwepo muda wote. Sisi ni mzaliwa wa Mombasa. Tulipokuja Juba mwaka 2012 tulikuja na sanduku moja, na ndani yake kitu ambacho tangu udogoni tunakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke: jiwe la kijivu la duara, limejikunja kama konokono, lina mbavu mbavu, limevunjika upande mmoja. Hatujawahi kulitazama. Yule kijana wa jiolojia aliporudi kwa ile habari ya posa (imekwisha vizuri, alhamdulillah) aliliona juu ya madaftari ya watoto, akaacha kuzungumza.

Ni amonaiti. Si konokono, ingawa amejikunja. Konokono ndani ni chumba kimoja kirefu, lakini huyu amegawanywa vyumba vyumba kwa kuta, na mahali ukuta unapokutana na gamba pana mstari uliopindapinda kama ukingo wa jani. Katika upande uliovunjika mistari ile inaonekana kwa jicho tupu. Alikuwa jamaa ya pweza na ngisi, akiishi ndani ya gamba lake, na kabila lake lote liliisha kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Mawe ya tope lililogandamana ya bara la Mombasa, kuanzia Changamwe kwenda Miritini na Rabai, ni tope la bahari ya zama za Jurasiki, kati ya miaka milioni 150 na 170 hivi, bahari iliyoingia Madagaska ilipoanza kuachana na Afrika. Profesa Beyrich wa Berlin aliandika juu ya amonaiti wa Mombasa katika miaka ya 1870. Watoto waliuliza kama trilobiti nao wako Mombasa, na yule kijana wetu ndiye aliyewajibu kabla hatujafungua mdomo: bahari ile ilikuja trilobiti wameshakwisha miaka milioni 80 na zaidi. Alikuwa ameipiga hesabu mwenyewe kwenye daftari.

Kisha akatugeukia. "Ustadh, uliliokota wapi?"

Tukasema Mombasa. Akasema Mombasa ni kubwa. Tukasema pengine Changamwe. "Pengine?" Tukafikiri, na kwa kweli hatukukumbuka. Mbele ya watoto walewale thelathini, jiwe pekee la kweli la madrasa yetu halikuwa na sanad, na mpokezi dhaifu alikuwa sisi.

Tulimpigia kaka yetu mkubwa Mombasa, simu ikawekwa sauti wazi. Alicheka mpaka akakohoa. "Jiwe hilo si lako. Nililiokota mimi baba alipokuwa anachimba shimo la choo Miritini, ukanipokonya, ukalia nilipolitaka." Watoto walipiga kelele za furaha ambazo hatujawahi kuzisikia katika darasa la tajwidi. Yule kijana alingoja zitulie, akasogea karibu na simu, akasema, "Shikamoo, ami. Shimo lilikuwa na kina gani?"

Kaka akanyamaza kidogo. Akasema baba alikuwa amesimama ndani, na akinyoosha mkono juu vidole vyake havikufika ukingoni.

Siku hizi rafu ina mawe matatu, kila moja na kikaratasi chake kwa mwandiko wa yule kijana. La kwanza: "Dendraiti. Si mmea. Jebel Kujur, Juba." Mama yake alitaka lile la pili litupwe, yeye akakataa, akaandika: "Kimetengenezwa na mtu. Kilinunuliwa Dubai." La tatu: "Amonaiti. Miritini, Mombasa. Shimo la choo, chini ya kimo cha mtu na mkono wake. Ameokota kaka wa ustadh." Karo bado tunaihangaikia, na mwenye uwezo wa kusaidia aje tuzungumze madrasani baada ya Ijumaa.